Maziwa ya juu ya mlima Ruwenzori: ni nani anaweza kufika, na inaomba nini

Mtu anayepita kwenye barabara ya Beni-Kasindi asubuhi na mapema, kama mvua ilinyesha usiku, anaweza kuona jambo ambalo wageni wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho: weupe wa theluji juu ya mlima, hapa hapa karibu na mstari wa Ikweta. Inakuwa vile saa moja au saa mbili tu. Kisha mawingu yanapanda kutoka bonde la Semuliki na mlima unapotea mpaka kesho yake, au mpaka wiki ijayo.

Wakaaji wa Bulongo, Lume, Mutwanga na hata wa mji wa Beni wanaujua weupe ule tangu utoto. Kwa Kinande na Kikonzo, theluji ni nzururu, na mlima wenyewe ndio Rwenzururu, mahali pa theluji. Wazee walifundisha kwamba kule juu kuko mwenyewe, Kitasamba, na kwamba mtu hapandi huko ovyo ovyo. Lakini wachache njo wanajua kwamba chini kidogo ya ile theluji, upande wetu wa Kongo, kuko pia maziwa. Wabelgiji waliyapa majina ya rangi: Lac Noir, ziwa jeusi, Lac Vert, ziwa la kijani, na Lac Gris, ziwa la rangi ya majivu.

Mbele ya kuendelea, tuondoe kwanza mchanganyiko mmoja. Lac Vert hii haiko ile ya karibu na Goma, pembeni ya Mugunga. Ile ya Goma ni shimo la volkano lililojaa maji, na mtu anafika hapo kwa moto kutoka mjini. Kwa wale wanaoitembelea siku ya mungu, wasisahau kwamba sehemu ile ina mazuku, hewa nzito ya kaboni inayolala kwenye mashimo na kuua bila harufu. Mtoto asiachwe kucheza ndani ya mabonde madogo, zaidi asubuhi na mapema. Lac Vert ya Ruwenzori iko juu ya mita 4000, na hakuna moto inayofika huko.

Maziwa yaliyochimbwa na barafu

Kwa watu wa mashariki, mlima mrefu na ziwa la mlimani mara moja vinaleta wazo la volkano. Tumezoea Nyiragongo na Nyamulagira, na ziwa Kivu lenyewe lilizuiwa na milima ya moto iliyofunga njia ya maji kuelekea kaskazini. Ruwenzori ni jambo lingine. Huo ni mwamba wa zamani sana uliosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kutengeneza bonde la ufa. Upande mmoja ulishuka, ndio bonde la Semuliki. Upande mwingine ulipanda, ndio mlima. Kilele chake cha kwanza, Margherita, kina mita 5109. Ni cha tatu kwa Afrika nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na ndicho cha juu kabisa kwa Kongo, ijapokuwa tunakigawana na Uganda: mpaka unapita pale juu kabisa.

Zamani sana, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, barafu ilifunika sehemu kubwa ya mlima na kushuka ndani ya mabonde. Barafu nzito haikai mahali pamoja. Inateremka polepole, mwaka kwa mwaka, ikikwangua mwamba chini yake na kusukuma mawe mbele yake kama tingatinga. Ilipoyeyuka na kurudi juu, iliacha mashimo iliyoyachimba na kuta za mawe ilizozisukuma. Maji yakajaa nyuma ya kuta zile. Ndiyo asili ya maziwa haya. Kibanda cha mwisho kwenye njia ya Kongo kinaitwa Moraine, na jina hilo la Kifaransa maana yake ni yale mawe yaliyoachwa na barafu.

Rangi nazo zina maelezo. Maji yanayopita ndani ya vinamasi vya majani yaliyooza yanachukua rangi ya chai ya rangi, na kama ziwa ni refu kwenda chini na limezungukwa na kuta za mwamba, mtu aliye juu analiona jeusi kabisa. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye barafu yanabeba unga mwembamba sana wa mawe yaliyosagwa, na unga huo unaweza kuyapa maji rangi ya majivu au ya kijani kadiri jua linavyopiga. Mvuvi asijisumbue kubeba nyavu: maziwa ya juu ya Ruwenzori kwa asili hayana samaki. Ni baridi mno, na maporomoko ya chini hayaruhusu samaki kupanda.

Safari ya siku tano ao sita

Njia ya Kongo inaanzia Mutsora, kituo cha Hifadhi ya Virunga karibu na Mutwanga, kwenye sekta ya Ruwenzori, eneo la Beni. Inafuata bonde la mto Butahu. Haiko njia mpya. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda bonde hilo mpaka karibu mita 4000, akiwa kwenye msafara wa Emin Pasha uliotoka Bagamoyo mwaka uliotangulia na wapagazi wake. Mwaka 1906 Mwitaliano, mtawala wa Abruzzi, alifika Margherita akipitia upande wa Uganda na kuvipa vilele majina ya malkia wa Ulaya. Mwaka 1932 ilikuwa zamu ya Wabelgiji wa Xavier de Grunne, na wao walipanda kutoka huku kwetu wakiwa na wataalamu wa mimea, wadudu na mawe. Wakati wa ukoloni vibanda vya kulala vilijengwa kwenye njia hiyo, na majina yao ndiyo yanayotumika mpaka leo: Kalonge, Mahangu, Kiondo, Moraine.

Siku ya kwanza, kutoka Mutsora kwenye mita karibu 1200 mpaka Kalonge kwenye mita 2100 na kidogo. Mtu anaacha mashamba na kuingia msituni. Jasho linatoka kweli kweli, na wengi wanajuta kubeba makoti mazito. Wasiyaache.

Siku ya pili ndiyo inayovunja miguu. Kutoka Kalonge mpaka Mahangu kuna kupanda mita karibu 1200, kwanza ndani ya mianzi, halafu ndani ya miti ya ajabu ambayo kwa Kifaransa wanaita bruyère. Mahali pengine mmea huo ni kichaka cha kufika gotini. Hapa ni mti mzima, umefunikwa na ndevu za kijani zinazoning'inia kila tawi. Chini hakuna udongo wa kukanyaga. Kuko mizizi, na juu ya mizizi majani laini yaliyonyonya maji, na mguu unaweza kuzama mpaka gotini. Watu waliozoea mlima hawaendi na viatu vya michezo. Wanavaa mabote ya mpira, yale yale ya kulimia, na wanabeba fimbo.

Siku ya tatu, kutoka Mahangu mpaka Kiondo, kwenye mita karibu 4200. Miti inaisha. Zinabaki lobelia zilizosimama kama mishumaa mikubwa, na senesio, mmea wenye shina kama mgomba na kichwa cha majani mapana ambayo usiku yanajifunga ili baridi isiue chipukizi la katikati. Mimea hii haiko ya kawaida hata kidogo: jamaa zake kwenye nchi za chini ni majani madogo tu ya pembeni ya barabara. Na hapa ndipo, kama mawingu yanakubali, mtu anaona Lac Noir chini yake ndani ya shimo la mwamba, na mbele yake vilele vyenye barafu.

Kutoka Kiondo, siku ya nne, ndipo wanaotaka wanasogea kuelekea Lac Vert na Lac Gris na kurudi kulala, ao kuendelea mpaka Moraine kama wanatafuta kilele. Kupita Moraine ni kazi ya kamba, viatu vya meno ya chuma na kiongozi anayejua barafu. Mtu aliyekuja kwa ajili ya maziwa hana sababu ya kwenda huko. Kushuka kunachukua siku mbili, na magoti yatasema.

Kwa hiyo kama mtu ana wikendi tu, asijidanganye. Anaweza kupanda mpaka Kalonge, kulala usiku mmoja, kusikia ndege na maji, na kushuka kesho yake. Hiyo nayo ni matembezi mazuri. Lakini ziwa hataliona.

Kitu cha kuogopa zaidi kuliko kuteleza

Wengi wanadhani hatari ya mlima ni kuanguka. Kweli watu wanateleza. Lakini hatari inayowakuta hata vijana wenye nguvu ni ugonjwa wa kimo. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kule Kiondo, kila pumzi inaleta oksijeni karibu sehemu sita kwa kumi ya ile ambayo mtu wa pwani ya bahari anapata. Mwili unaweza kuzoea, ila unaomba siku. Usipopewa siku, unaanza kulalamika: kichwa kinauma, chakula kinachukiza, kutapika, usingizi haufiki.

Kanuni ambayo waganga wa milimani wanafuata ni kwamba ukishapita mita 3000, kila usiku ulale mahali pasipozidi pa jana kwa mita 500 hivi. Sasa tuhesabu vibanda vyetu. Kutoka Kalonge mpaka Mahangu ni zaidi ya mita 1000. Kutoka Mahangu mpaka Kiondo ni karibu 900. Yaani vibanda viliwekwa mahali ambapo palikuwa na nafasi ya kujenga, haviko pale ambapo mapafu yanataka. Mwenye akili anaongeza usiku wa pili pale Mahangu, hata kama inamaanisha siku moja zaidi ya chakula na ya malipo ya wabebaji. Ni feza inayotumika vizuri.

Kama kichwa kinauma kidogo, mtu abaki palepale, asipande. Kama anaanza kutembea kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, ao kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, huyo ashushwe mara moja, hata usiku, hata mvua inanyesha. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka. Kumwambia ajikaze ni kumuua.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya watalii mara nyingi havisemi, sababu viliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ule ambao huku wengi wanauita SS, hawapaswi kupanda kwenye kimo kama hiki. Upungufu wa oksijeni na baridi vinaweza kuleta maumivu makali na hatari ya kifo. Mtu asiyejua hali yake na aliye na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, apime kwanza hospitalini. Vile vile mwenye ugonjwa wa moyo na mama mwenye mimba waulize daktari mbele ya kupanga safari.

Baridi nayo. Kila mita 100 za kupanda zinaondoa zaidi ya nusu ya digri. Kutoka Mutsora mpaka Kiondo tunapanda mita 3000, ni karibu digri 18. Kama mchana Mutwanga iko kwenye digri 26, Kiondo itakuwa kwenye 8, na usiku maji ndani ya bidoni yanaweza kushika barafu. Mtu wa Butembo ao Lubero atasema amezoea baridi. Baridi ya Lubero ni ya kuvaa koti na kuota moto wa makala. Ile ya juu inaingia kwenye nguo zilizolowa, na nguo zitalowa tu, sababu mlima huu haujui kiangazi cha kweli. Miezi ya afadhali ni ya kumi na mbili mpaka ya pili, na ya sita mpaka ya nane, na hata hiyo mvua inaweza kunyesha kila siku. Nguo moja kavu ya kulalia ifungwe ndani ya sashe ya plastiki na isiguswe mchana, hata mtu abembeleze namna gani.

Neno moja kwa wapishi: kule juu maji yanachemka yakiwa kwenye digri 86 hivi, hayafiki 100. Maharage yatakaa motoni tangu mchana mpaka giza na yatabaki magumu kama kokoto. Bora kubeba unga, mchele, samaki wadogo, karanga, sukari nyingi na chai. Kuni za juu zimelowa, na ndani ya hifadhi haziruhusiwi kukatwa ovyo. Makala yanapandishwa kutoka chini mgongoni. Kuoga ziwani kusifikiriwe. Maji yale yanaweza kukata pumzi ya mtu kwa dakika moja, na hakuna mtumbwi wa kumfuata.

Barafu inaisha, maji je?

Anayepanda leo hataona kile ambacho mtawala wa Abruzzi aliona. Wakati ule, mwaka 1906, barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Ruwenzori: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Ilifunika kilometa za mraba 6 na nusu hivi. Mwaka 1987 ilikuwa imebaki karibu kilometa za mraba 2. Mwaka 2003 haikufika hata moja. Inaendelea kupungua, na kile kilichobaki kiko zaidi kwenye Stanley. Wataalamu wanalaumu kupanda kwa joto la dunia pamoja na mabadiliko ya hewa: mawingu na unyevu vikipungua, jua linapiga barafu zaidi na theluji mpya haitoshi kuilisha.

Habari hii inaleta hofu kubwa kwa watu wa chini. Kama barafu inakwisha, je, Butahu na mito mingine itakauka? Mashamba ya kakao, bilula vya kijiji, na umeme wa Mutwanga unaotokana na maji ya mlima tangu mwaka 2013, vitaenda wapi?

Hapa jibu linashangaza, na linafaa kujulikana. Watafiti walipima maji ya mto Mubuku, mto mkubwa unaoshuka upande wa Uganda, na kukuta kwamba barafu iliyoyeyuka inatoa chini ya sehemu 2 kwa 100 ya maji yote yanayofika chini ya mlima, iwe wakati wa mvua, iwe wakati wa jua. Yote mengine yanatoka kwenye mvua inayoshikwa na misitu na vinamasi. Vile vinamasi vinavyochosha miguu kati ya Mahangu na Kiondo ndivyo vinafanya kazi kama matela ya sponji: vinanyonya mvua ya leo na kuiachilia kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Upande wetu wa mlima una mvua, misitu na vinamasi vya aina ileile.

Maana yake ni kwamba kupotea kwa barafu ni hasara ya kweli kwa macho, kwa mila na kwa utalii, na kizazi kinachokuja huenda kitausikia weupe ule kwa hadithi. Lakini mtu anayechoma makala kwenye msitu wa mteremko, ao anayefungua shamba jipya kwenye kingo za mito, anagusa maji ya Mutwanga kuliko jua la kule juu. Upande wa Kilembe, Uganda, mwezi wa tano 2013, mto Nyamwamba ulibeba mawe na miti na kuvunja nyumba na hospitali. Mito ya mlima huu inashuka kwa kasi sana. Ikikosa miti ya kuizuia, mvua ya saa chache inatosha kuleta msiba.

Maziwa yenyewe hayataisha pamoja na barafu. Yatabadilika rangi labda, pale ambapo unga wa mawe hautaingia tena. Lakini mvua itaendelea kuyajaza.

Usalama ndio ufunguo wa mlango

Kwa nini basi watu wa Beni wamejaza harusi na sherehe zao ndani ya hoteli za mjini, na si wengi wanaopeleka vijana wao kuona maziwa haya? Feza ni sababu moja. Ya pili kila mtu anaijua. Makundi ya silaha yametumia misitu ya Ruwenzori tangu miaka mingi. Wapiganaji wa ADF walipoingia kwenye mlima huu miaka ya 1990, Uganda ilifunga hifadhi yake ya Ruwenzori kuanzia 1997 mpaka 2001. Upande wetu, mauaji ya eneo la Beni yaliyoanza mwishoni mwa 2014 yalifika pia kwenye sekta ya Ruwenzori, na tangu mwisho wa 2020 mpaka 2021 vijiji vingi vya huko vililala porini ao vilihama. Mwezi wa tano 2021 serikali iliweka utawala wa kijeshi, ule watu wanaouita état de siège, Ituri na Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo majeshi ya Kongo na Uganda yalianza operesheni ya pamoja.

Hifadhi yenyewe, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo ya zamani zaidi kwa Afrika, imeandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Mwaka 2018 ilifunga utalii wote kwa miezi kadhaa, kisha shambulio lililoua mlinzi wake wa kike na kuteka watalii wawili. Utalii ulifunguliwa tena mwaka 2019, corona ikaufunga 2020. Kufunguliwa na kufungwa, ndiyo maisha yake.

Wanaolipa bei ya kufungwa huko ni vijana wa Mutwanga na vijiji vya karibu, wale wanaobeba mizigo, wanaoongoza njia, wanaouza mkate na ndizi kwa msafara. Kila kikundi kidogo cha watalii kinahitaji wabebaji wengi kuliko watalii wenyewe, sababu makala, chakula, mabashi na blanketi vyote vinapanda mgongoni. Kazi hiyo haiibi mti wala haiui nyama wa pori. Ikikosekana, kijana anarudi kwenye kitu kilicho karibu, na kilicho karibu ni msitu.

Kwa anayetaka kupanda, jambo la kwanza si kununua mabote. Ni kuuliza. Ofisi ya hifadhi ndiyo inayosema kama njia iko wazi wiki hii, na wakuu wa sekta wanajua hali ya vijiji vya njiani. Jibu la mwezi uliopita halitoshi. Kupanda bila ruhusa na bila walinzi ni kosa mbele ya sheria ya hifadhi, na kwa hali ya leo ni kujiuza. Malipo yafanyike ofisini na yapewe risiti. Anayekutana na mtu njiani akimwambia atamtoroshea kwa bei nafuu, aachane naye. Na wabebaji wasipewe mzigo unaozidi kile kilichokubaliwa, ao kupandishwa bila koti wala kiatu. Kule juu baridi haiulizi nani ni mtalii na nani ni mbebaji.

Kuna wanaochagua kupitia Kasindi. Nyuma ya kuvuka Lubiriha na kufika Mpondwe, mji wa Kasese uko chini ya saa mbili kwa gari, na kutoka pembeni yake zinaanza njia za upande wa Uganda. Ile ya zamani inazunguka kwa siku saba ao nane ikipita ziwa Bujuku na maziwa ya Kitandara, karibu mita 4000. Vibanda huko vinatunzwa vizuri zaidi na wageni ni wengi zaidi, hilo lazima lisemwe, ijapokuwa bei kwa dola inamshinda mwalimu ao muuguzi wa kawaida. Upande ule nao haukuponyoka: mwezi wa sita 2023 wanafunzi waliuawa kwenye shule ya Mpondwe, na mwezi wa kumi watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuuliza ni lazima huko kama huku.

Wageni wanaopiga picha kando ya maziwa ya Kitandara mara nyingi hawaambiwi maji yale yanakwenda wapi. Hayashuki Kasese. Yanageuka magharibi, yanavuka mpaka bila karatasi, yanaingia ndani ya bonde la Butahu na kuteremka upande wa Mutwanga mpaka Semuliki, kisha ziwa Albert, kisha Nili.